Bonasi imekuja pungufu, cheki haya

Mkuu, kama mshahara ni laki 9 na uliahidiwa bonasi ya mshahara mmoja, usitegemee laki 9 mkononi. Bonasi inajumlishwa na mshahara wa mwezi huo halafu PAYE (kodi ya mshahara) inapigwa kwenye jumla, na ukishavuka milioni 1 kila shilingi ya juu inakatwa 30%, so zaidi ya robo inasepa hapo hapo. Makato yakizidi hapo basi angalia barua yako ya bonasi, kampuni nyingi zinazidisha alama zako na za kampuni, yaani wewe umefikisha target 100% ila kampuni imefika 80%, unalipwa 80% (inauma najua). Waombe HR hesabu kwa maandishi. Ila kama wameandika "kwa hiari ya mwajiri", aisee kazi unayo.