Nilidurusu kwa mkebe wa sukari

Mmeuliza wiki hii: mtu adurusu vipi historia ya dunia, tangu enzi za kati hadi leo, mtihani ukiwa mlangoni? Mimi niliufanya wa kidato cha nne nikiwa mtu mzima, mtahiniwa wa kibinafsi, huku nauza chai hapa Mamboleo, Kisumu, barabara inapoelekea Miwani.

Kwanza nilibandika miaka ukutani, juu ya jiko. Mvuke ukaibandua, na kichwani nako haikukaa. Kwenye moki, mtihani wa majaribio, nikaandika kwamba Uingereza ilikomesha utumwa 1807. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akauliza pembeni: "Na wale waliokuwa tayari mashambani?"

Swali hilo lilinikera wiki nzima. Nikaacha ukuta, nikauchukua mkebe wa sukari ulio mbele yangu kila siku, nikaanza kufuatilia ulikotoka.

Enzi za kati, Waarabu walikuwa wameshaeneza miwa hadi Misri, Sicily na Uhispania. Wazungu waliokwenda Vita vya Msalaba wakaionja huko Mashariki. Kwao sukari ilikuwa kiungo cha matajiri na dawa. Mteja wangu wa vijiko vinne wangemwona sultani. Karne ya 15 Wareno wakailima miwa Madeira, na 1493 Columbus akaivusha hadi Karibi. Hapa ndipo nilipokaa sana. Muwa ukishakatwa hausubiri, utamu unapungua, lazima usagwe upesi. Kwa hiyo shamba na kinu vinadai mikono mingi, usiku na mchana, na mikono hiyo ililetwa kwa minyororo kutoka Afrika. Sisi tuliozoea kuona trekta za miwa zikikimbizana na muda kwenda kiwandani hatuhitaji kukariri "sababu tano za biashara ya watumwa".

Mengine yakajipanga yenyewe. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililotajirika kwa sukari, waliasi 1791. 1804 ikazaliwa Haiti. Sheria ya Uingereza ya 1807 ilipiga marufuku biashara tu. Wale wa mashambani, mwalimu wangu, walingoja sheria ya 1833. Kisha wenye mashamba wakageukia vibarua wa mkataba kutoka India, wakapelekwa Mauritius na Karibi. Kwa mikataba ya aina hiyohiyo waliletwa maelfu kujenga reli iliyotufikia Kisumu 1901. Mwaka 1922 kiwanda cha sukari kikaanza Miwani, na leo tunazozana kuhusu sukari ya kutoka nchi za COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika.

Mkebe una mapengo, sikatai. Mkataba wa Versailles wa 1919 haumo, na Vita Baridi nilivitafutia uzi mwingine: ukuta wa Berlin, uliojengwa 1961 na kufunguliwa 1989. Huo niliusoma juujuu, usiku mmoja, nikisinzia.

Siku ya mtihani swali la watumwa lilikuja, nikaandika mpaka msimamizi akaja kunyang'anya karatasi. La Vita Baridi nalo lilikuja. Nililiruka.