Ukienda Mei, umechelewa

Machi 2011, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yalipotoka, nami nilitoka makao ya watoto. Nilikuwa na godoro la inchi tatu, ndoo, blanketi na shilingi 500 za nauli. Nauli ya kwenda wapi, hakuna aliyesema. Nilikuwa nimeshatimiza miaka kumi na minane, na kitanda changu kilikuwa kinangojewa.

Usiku ule nililala nyuma ya kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri karibu na stendi. Alfajiri saa kumi alipokuja kuwasha jiko alinikuta pale. Hakupiga kelele. Aliinua ndoo yangu akanipa mkononi: "Kachote maji kwanza, mwanangu, halafu ndio unieleze." Nilikaa naye miezi minane.

Hadithi hii nimeisimulia kwenye kumbi nyingi, na leo nimeianza hapa makusudi, kwa sababu haikuwahi kuleta hata shilingi moja ya bajeti. Kama wewe ni mlezi, mwalimu, kasisi, ustadhi, au kijana uliyelelewa makao kama mimi, na unataka kaunti yako itenge fedha kwa vijana wasio na pa kwenda, soma kwanza nilivyokosea.

Mara ya kwanza kwenda kutoa maoni ya bajeti ilikuwa Mei 2016. Tangazo tuliliona gazetini, tukaenda ukumbini watu sita. Nilipopewa kipaza sauti nilisimulia yote: stendi, mahamri, chifu aliyenikatalia fomu ya kipande, yaani kitambulisho, akitaka nimlete baba au mjomba, na kuniuliza "wewe ni wa mlango gani?", yaani ukoo gani, mbele ya foleni nzima. Ukumbi ulinyamaza. Kina mama walifuta machozi kwa leso. Mheshimiwa mwakilishi wa wadi alinifuata nje, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na alipouachia nilikuta noti ya elfu moja imekunjwa kiganjani. Juni bajeti ikapitishwa. Nilitafuta neno "makao" kurasa zote, sikuliona. Kaunti siitaji, maana baadhi ya waliokuwa ofisini siku zile leo ni marafiki zangu.

Palikuwa na mzee mmoja siku ile, mstaafu wa hazina, aliyekaa nyuma na miwani iliyofungwa uzi. Alinipungia nimwendee. "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini hiki chungu umekikuta kimeshapakuliwa. Kilikuwa kinainjikwa Septemba." Nikamwuliza Septemba gani, bajeti si ya Juni? Akacheka, akanitolea kalamu.

Alichoniandikia nyuma ya karatasi ya ajenda ni hiki. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hupeleka kwenye bunge la kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule ambao ofisini wote huuita ADP. Hapo ndipo miradi inapotajwa kwa mara ya kwanza. Februari 28 ndiyo tarehe ya mwisho ya waraka wa mkakati wa fedha, na humo kila idara hukatiwa fungu lake. Aprili 30 makadirio ya matumizi yanafika bungeni, Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa. Yote yamo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kwa hiyo mkiitwa Mei, mafungu yameshagawanywa tangu Februari. Mbunge wa kaunti akitaka kukupa wewe ni lazima amnyang'anye mwingine, na huyo mwingine yumo ukumbini na bango lake la barabara.

Juu ya ADP kuna mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, CIDP. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 104, inasema fedha za umma zisitengwe nje ya mipango iliyoidhinishwa. Basi neno lako lisipokuwa mle ndani, afisa wa mipango atakuambia kwa upole kabisa kwamba mikono yake imefungwa, na atakuwa hajakudanganya.

Baada ya kujua tarehe nilidhani nimemaliza kazi. Nikakutana na mlango wa pili, nao ndio uliotuchelewesha zaidi. Unafika idara ya kaunti, unaambiwa mambo ya watoto ni ya serikali kuu, nenda kwa afisa wa watoto. Unakwenda kwa afisa wa watoto, mama mwenye mafaili hadi madirishani, naye anakuuliza umri. Kumi na tisa? "Basi huyo si mtoto, mwanangu. Mimi nishike lipi?" Na hakuwa mtu mbaya. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na faili lake linaishia hapo.

Jibu tulilipata kwenye Katiba yenyewe, na nakushauri utembee na nakala ya kurasa hizi mbili. Kifungu cha 55 kinazungumzia vijana, na kijana kwa Katiba yetu ni mwenye miaka 18 na ambaye hajafika 35. Dola inatakiwa kuchukua hatua ili apate elimu, mafunzo na kazi. Halafu fungua Jedwali la Nne, sehemu ya kaunti: utakuta vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Chuo cha ufundi ni cha kaunti, hakuna wa kukurusha tena kwa serikali kuu. Tangu siku tuliyoyaona maneno hayo tuliacha kuomba "msaada kwa mayatima". Tukawa tunaomba malazi na vifaa kwa wanafunzi wa chuo cha ufundi waliotoka makao au mitaani. Vijana ni walewale, ila karatasi sasa ina meza ya kutua.

Utaambiwa pia kwamba serikali inawasaidia tayari, si kuna Inua Jamii, ule mpango wa kuwapa wasiojiweza fedha kila mwezi? Ipo, na nisiibeze. Ruzuku ya mayatima ilianza kwa majaribio mwaka 2004, na shilingi 2,000 za mwezi zimewavusha wengi ninaowajua. Lakini fedha ile hulipwa kwa kaya. Inamtaka mlezi, nyumba, kipande cha mtu mzima. Kijana anayelala mabandani sokoni hana kaya ya kulipwa kupitia kwake. Eleza hivyo tu, bila kugombana.

Tena sasa kuna mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watoke makao wakalelewe na jamaa, au katika malezi ya kambo, yaani kwa familia nyingine inayomlea kwa muda, au kafala, malezi ya mtoto wa mwingine kwa sharia ya Kiislamu, ambayo Sheria ya 2022 imeitambua. Nauunga mkono, ingawa hilo neno "kambo" lilimkosesha usingizi mtu niliyempenda. Mwalimu mmoja wa madrasa alichukua wavulana wawili, ndugu, na kila mtu mtaani akawa anamwuliza mkewe, "Watoto wa kambo wanakuheshimu?" Yule mama aliniambia kinachomuuma si swali hilo bali unga. Pakiti ya kilo mbili sasa haifiki siku mbili. Ukitetea fedha za umma, usiwasahau wenye nyumba waliofungua milango.

Sasa hesabu. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 iliwapata watu 46,639 nchi nzima. Nairobi 15,337, Mombasa 7,529. Nambari hizo zitaje, ni za serikali yenyewe. Lakini mheshimiwa wa wadi yako anataka kujua ya wadi yake. Sisi tulihesabu usiku tatu mfululizo, tukiongozwa na vijana wawili waliokuwa wakilala palepale sokoni. Usiku wa kwanza karibu wote walitukimbia. Mmoja alisimama mbali, chupa ya gundi imefichwa ndani ya mkono wa sweta, akauliza, "Mnatuandika ili mje kutubeba?" Maana wameshaona lori la msako likija baada ya watu wenye madaftari. Tuliweka daftari chini, tukanywa uji nao. Usiku wa tatu tulikuwa na watu 41 waliokubali kuandikwa, na kila mmoja tulimwuliza jambo moja: ukipata chumba mwaka mmoja, utajifunza nini? Kumi na watatu walitaja ufundi bomba. Sikutarajia hilo, na hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza.

Halafu gharama. Hapa usiandike "fedha za kutosha". Chumba kimoja mtaani kwetu wakati ule kilikuwa shilingi 3,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kwa mwaka. Chakula tuliweka 4,500 kwa mwezi, jumla 54,000. Sanduku la zana 15,000. Picha, nauli na nyaraka za kipande 3,000. Kijana mmoja kwa mwaka ni 108,000. Tuliomba wa kumi na wawili: 1,296,000. Ukiweka tarakimu hiyo kando ya kasma ya chai na vitafunio ya idara moja tu, na makadirio yamo mkononi mwako, huhitaji kusema sana. Mimi huifungua ile kurasa nikamwachia mwenyekiti wa kamati aisome mwenyewe.

Ombi liandike kwa karatasi moja, mbili zikizidi. Haki ya kuwasilisha ombi iko kifungu cha 37 cha Katiba, na cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakupa njia ya kulifikisha bungeni. Peleka kwa karani wa bunge nakala mbili, na usiondoke mpaka yako imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ombi letu la kwanza lilipotea katika ofisi moja, nasi hatukuwa na muhuri. Ikawa neno letu kwa neno lao, na mwaka ukapita.

Kuhusu vijana wenyewe, nina msimamo, na wenzangu wengine hawaupendi. Wapeleke, wazungumze, lakini usimpe kijana kipaza sauti ili alie. Binti mmoja wa kundi letu alisimulia kifo cha mamake mbele ya kamati, mtu akampiga picha, na kufikia jioni picha ile ilikuwa kwenye simu za wanafunzi wenzake. Aliacha chuo wiki mbili. Tangu hapo kijana wetu akisimama hutaja kozi yake, kodi anayodaiwa, na anachohitaji kumaliza. Kamati ikitaka kujua alivyofika mtaani, sisi wazima tutajibu kwa ujumla. Na mlipe nauli, umnunulie chakula kabla ya kikao. Mtu hawezi kutetea bajeti ya milioni akiwa hajala tangu jana. Neno "chokoraa" lisionekane kwenye karatasi yenu hata kwa kunukuu.

Tulipata? Tulipata nusu. Bajeti ya 2018/2019 ilituandikia shilingi 600,000 chini ya mafunzo ya ufundi. Tulishangilia, tukapiga picha na mheshimiwa, tukaenda zetu nyumbani. Hilo la kwenda nyumbani ndilo kosa. Mwezi wa pili ikaja bajeti ya ziada, ile inayopitishwa katikati ya mwaka bila kelele nyingi, na 600,000 ikawa 250,000. Hatukujua mpaka vijana wawili walipofungiwa vyumba. Siku hizi kuna mwenzetu ambaye kazi yake ni moja tu: kusoma ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambazo hutoka kila robo mwaka, na kuuliza kwa maandishi kilichotumika. Hapendwi sana pale ofisini. Analetewa kiti lakini.

Hao wa 250,000 walikuwa vijana wanne. Mmoja wao ndiye aliyetutengenezea choo cha ofisi mwaka jana, akakataa kupunguza bei.

CIDP ya sasa ni ya 2023 hadi 2027, na ya kwetu ina sentensi moja yetu, ukurasa wa mbali huko, kuhusu malazi ya vijana wanaotoka makao ya watoto. Ilitugharimu vikao saba. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2027 magavana watakaoingia wataandaa mpango wa miaka mitano mingine, na wengi wa waheshimiwa tuliowazoea watakuwa wameondoka. Sisi tumeanza kuhesabu tena sokoni, kwa sababu wale 41 si walewale, na kodi ya chumba imepanda. Anayetaka kuona ombi letu la zamani tulivyolipanga aniandikie, nitamtumia. Majina ya vijana nimeyafuta, hesabu nimeziacha.