Altezza au Crown? Kabla hujalipa, kaa siti ya nyuma

Kila msimu wa korosho ukifika, swali hili hunifuata kila mahali: kwenye simu, msibani, hata nikiwa sheli naweka mafuta. Minada ikishaanza na malipo yakishaingia benki, kijana wa Masasi au Tandahimba aliyekuwa anawaza gari mwaka mzima anataka jibu leo leo. "Kaka, wewe umeendesha zote mbili. Nichukue Altezza au Crown?" Zote mbili ni saluni za Toyota.

Jibu la simu halitoshi, ndiyo maana nimekaa kuandika. Msimamo wangu ni huu: kama kuna mtu zaidi yako atakayepanda gari hilo mara kwa mara, mama, mke, watoto, chukua Crown, tena toleo lake la starehe, Royal Saloon, siyo lile la kimichezo, Athlete. Kama uko peke yako, tutaongea huko mbele.

Kwanza niitendee haki Altezza, maana niliipenda na bado naipenda. Toyota waliitoa 1998 ikashinda tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Japani, wakaendelea kuitengeneza mpaka 2005. Dashibodi yake imepangwa kwa mtindo wa saa ya mkononi. Inasukumwa na tairi za nyuma, usukani mwepesi lakini una adabu, na kwenye kona gari linakaa pale pale unapoliweka. Ukitoka Mingoyo, ukapita Mtama na Nyangao ukielekea Ndanda, asubuhi kabla malori hayajajaa barabarani, Altezza inakupa raha ambayo Crown haitakupa hata uiombe. Anayesema gari ni chombo cha kutoka hapa kwenda pale tu hajawahi kupita njia ile alfajiri.

Sasa mama yangu. Alipoanza kwenda kliniki Dar, nikawa mimi ndiye dereva wake. Kutoka Mtwara ni kama kilomita 560. Ana goti linalomsumbua, na anapenda kukaa nyuma ili mdogo wangu wa kike akae pembeni yake. Safari ya kwanza tuliyokwenda na Altezza, tulisimama Nangurukuru kunywa chai. Nilifungua mlango nikamngoja. Akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na siti ya mbele kwa mwingine, akautoa mguu mzima, akatulia, halafu akauvuta ule unaouma taratibu, kiatu kikikwama kati ya siti na kizingiti. Alipokwisha kusimama akasema, "Mwanangu, gari lako zuri, ila huku nyuma nimekaa kama niko kwenye beseni."

Mama si mtu wa kulalamika. Ukimsikia anasema hivyo, ujue ameshavumilia tangu Lindi.

Ukiangalia vipimo utaona kwa nini. Altezza ina milimita 2,670 kati ya tairi za mbele na za nyuma. Crown iliyoanza 2003, na ile iliyofuata 2008, zote zina 2,850. Tofauti ni sentimita 18, na sehemu ya hizo imekwenda kwa abiria wa nyuma. Shika rula, uiweke kutoka kwenye goti lako kwenda mbele, uone sentimita 18 zinafika wapi. Ndiyo tofauti ya mtu mzima kunyoosha mguu au kuukunja kwa muda wa saa tisa. Mlango wa nyuma wa Crown nao ni mrefu, kwa hiyo mguu unatoka bila kukwama popote. Jambo moja tu nisilifiche: magari yote mawili yanasukuma kwa nyuma, kwa hiyo katikati ya sakafu kuna nundu ya kupitisha shafti. Abiria wa tatu anayekaa katikati atateseka kote kote. Crown ni gari la watu wanne wenye raha, si watano.

Baada ya siti kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wanaliruka, nalo ndilo linaloamua maisha yako ya kila siku huku kwetu: tairi.

Chuchumaa pembeni ya gari usome namba zilizo ubavuni mwa tairi. Altezza nyingi zina 215/45 R17. Royal Saloon kwa kawaida ina 215/60 R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia ya huo upana, ndiyo kimo cha ubavu wa mpira kutoka kwenye rimu hadi barabarani. Piga hesabu: Altezza inabaki na milimita 97 hivi za mpira, Royal Saloon ina 129. Hizo milimita 32 ndizo zinazomeza shimo kabla rimu haijalipokea. Athlete iliyofungwa 225/45 R18 inarudi kwenye milimita 101, na shokapu zake ni ngumu kuliko za Royal. Ndiyo maana nasema Royal. Najua taa za Athlete zinavutia na show yake ya mbele ina ukali, lakini umenunua gari kubwa la starehe halafu umelirudishia ugumu wa gari dogo la mwendo. Mwenye Athlete tayari anaweza kushusha rimu hadi inchi 17 au 16, mradi fundi ahakikishe hazigusi breki. Ni pesa ndogo ukilinganisha na kubadilisha bushi na stabilaiza linki kila mara.

Na barabara zetu mnazijua. Malori ya korosho yakianza kushuka kwenda bandarini Mtwara, lami inaliwa na magurudumu yale mazito. Rasta, vile vituta vidogo vya kuingilia vijijini, zinatikisa mpaka meno. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, tulipita kwenye michepuko ya kifusi na mawe, wenye magari ya chini tukisubiri wenye magari ya juu watangulie ili tuone njia ilikaaje. Usiku mmoja nilishuka na tochi ya simu kuangalia chini ya Altezza. Plastiki ya chini ya bampa ilikuwa inaning'inia, na rimu ya mbele kushoto ilikuwa na bonde la kuingiza kidole. Crown nayo iko chini, usidanganywe. Haitakuvusha mahali ambapo Noah imekwama, na mchanga wa Msimbati uiache kwenye kingo ngumu uingie ufukweni kwa miguu. Ila mapigo yale yale inayapokea kwa upole, na waliolala nyuma wanaendelea kulala.

"Lakini kaka, mimi nataka gari linalokimbia." Sawa, tuongee mwendo. Altezza mnayoiona zaidi ni AS200, injini ya lita 2.0 yenye silinda sita, nguvu ya farasi 160. Ile RS200 yenye injini ya 3S-GE ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza inafika 210 kwa gia za mkono, lakini kuipata ikiwa nzima leo ni kazi. Crown ya lita 2.5, injini ya 4GR-FSE, V6, ilitoka na 215. Crown ni nzito, zaidi ya kilo 1,500 wakati AS200 ina kama 1,340, lakini ukiwa nyuma ya lori kwenye vilima vya kati ya Nangurukuru na Lindi, unataka kulipita kabla ya kona, Crown inachanganya bila kupiga kelele. Wengi hushangaa nikiwaambia hivyo. Gari linaloonekana la mzee ndilo lenye nguvu. Mwendo wa Altezza uko kwenye kona na kwenye hisia, na hivyo ni vitu vya kweli, ila usivichanganye na nguvu ya kupita lori.

Halafu hapo pa kukimbilia ni wapi? Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na kutoka Mtwara hadi Kibiti vijiji ni vingi. Trafiki wa tochi, ile ya kupima mwendo, anaweza kukaa chini ya mwembe wowote. Faini ni shilingi 30,000 kila unapopigwa. Ukipigwa mara mbili kwenye safari moja, elfu sitini imekwenda, na kwa pesa hiyo ungenunua mafuta ya kukusogeza mbali tu.

Kwenye gharama sitakaa sana. Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani, ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT 18. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 na 10 ikizidi hapo, na gari lililopita miaka kumi linaongezewa 30 kwa ajili ya umri. Altezza zote zimeshapita umri huo. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone jumla kabla hujamtumia mtu hata senti. Spea za magari yote mawili zinatoka Dar, zinapakiwa kwenye basi la usiku unazipokea asubuhi stendi, kwa hiyo usiogope kukaa Mtwara. Mafuta, Crown ya 2.5 itakula zaidi mjini, kwenye safari ndefu tofauti inapungua sana.

Kwenye injini ndiko pa kuwa makini. Altezza inatumia mkanda wa timing, na ukifika kilomita 100,000 lazima ubadilishwe. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini na nani, na kama hana jibu, hesabu gharama hiyo kwenye bei. Crown ya 4GR haina mkanda, ina cheni. Ugonjwa wake ni mwingine: petroli inanyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha na kaboni inajijenga pale. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa hali inakuwa mbaya zaidi.

Nani basi achukue Altezza? Wewe uliyepanga chumba Shangani au Ligula hapa Mtwara, huna mtoto, wazazi wako wako vizuri, na ukienda Dar unapanda basi. Wewe unayejua kabisa kwamba unapenda kuendesha, unayeamka Jumapili uende Mikindani na kurudi kwa sababu tu barabara ni tupu. Usisubiri uwe na miaka hamsini. Tafuta AS200 ambayo haijakatwa springi wala kufungwa ekzosi ya makelele, uitunze, na siku familia ikiongezeka utaiuza kwa mtu kama wewe. Wanaonishawishi kuwaambia vijana wote wachukue gari la familia sikubaliani nao.

Mark X ninaulizwa pia. Ina injini ile ile ya 4GR na umbali ule ule wa 2,850 kati ya tairi, ila paa limeinamia nyuma zaidi na siti si laini kama za Royal. Mama yako akiwa mfupi, inafaa.

Ukienda kukagua, mwache mwenye gari au dalali aendeshe, wewe ukae nyuma. Nenda na mtu mzima wa kwenu, umkalishe upande wa pili. Zungukeni nusu saa, mpite kwenye rasta na kwenye barabara ya vumbi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa jua la saa sita. Kisha gari lipandishwe juu mtazame chini kama kutu imeanza, maana gari lililoishi karibu na bahari yetu huliwa na chumvi kuanzia huko kusikoonekana.

Kwa Crown, mpigie muuzaji usiku wa kuamkia siku hiyo umwombe asiiwashe kabla hujafika. Fika asubuhi, gusa boneti, iwe ya baridi. Aiwashe wewe ukiwa umesimama mbele yake. Ikitetemeka na kusuasua dakika za kwanza, hiyo ni kaboni au koili, na bei ianze kushuka hapo hapo. Ukikuta boneti ni ya moto wakati mlikubaliana vingine, muage kwa heshima urudi kesho yake alfajiri.