Jibu: Uanze na nini ukifika Hamburg kwa mafunzo kazini

Ndugu, umeuliza uanze na nini ukifika Hamburg, Ujerumani. Anza na kuandikisha makazi. Sheria inakupa wiki 2 tangu uhamie, na utatakiwa uwe na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha unaishi kwake. Bila kujiandikisha, hata namba ya mlipa kodi inachelewa. Kwa hiyo chumba cha "lipa tu, ila usijiandikishe" kikimbie, hata kiwe cha bei ya kutupa.

Jumapili maduka karibu yote hufungwa, kwa hiyo nunua mahitaji yako Jumamosi. Chupa za plastiki na makopo ya vinywaji usitupe: mengi yana amana ya senti 25, unarudisha kwenye mashine supamaketi. Na muziki ukomee saa 4 usiku, majirani wa huku hawana masihara!