Uvimbe wa taya: niwatenge wadogo zake?

SWALI: Sista, mwanangu ana miaka 6. Jino lililegea, likang'olewa kwenye kliniki moja hapa Ahero, lakini taya likazidi kufura. Kisumu wameniambia ni saratani ya Burkitt, na kwamba malaria inahusika. Analala kitanda kimoja na wadogo zake wawili. Niwatenge? – Mama, Ahero

JIBU: Usiwatenge, mama. Saratani hii haimtoki mtoto mmoja ikamwingia mwingine. Kuna kirusi cha Epstein-Barr kinachohusika, nacho hupitia kwenye mate, lakini huku kwetu karibu kila mtoto hukipata akiwa bado mdogo sana, mzazi asijue. Kinachoharibu ni malaria ya kurudiarudia, inayodhoofisha kinga hadi kirusi hicho kikose wa kukizuia. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, alizunguka hospitali za Afrika kwa gari akiuliza uvimbe huu umeonekana wapi. Ramani yake ikafuata sehemu za joto na mvua, ikaacha nyanda za juu zenye baridi. Hao wadogo basi walale ndani ya chandarua, na homa ikipanda wapimwe siku hiyohiyo.

Hofu yangu mimi ni kwa huyu anayeugua. Nimehudumu wodi ya watoto miaka mingi. Uvimbe huu hukua haraka mno, na kwa sababu hiyohiyo dawa huukamata haraka. Siku chache baada ya dawa ya kwanza utaona taya limeshuka, mtoto anaomba ugali. Hapo ndipo akina mama wengi humbeba wakaenda zao: mpunga unangoja kuvunwa, nauli imeisha. Nimewapokea tena wakirudi, tumbo limejaa uvimbe, na nililia nao.

Taya likishuka, seli nyingine huwa bado zimejificha kwenye uboho au kwenye maji ya uti wa mgongo. Ndiyo maana watamchoma sindano mgongoni, wapime maji hayo na kupitisha dawa. Utaambiwa sindano hiyo hulemaza. Mama, kinacholemaza miguu ni uvimbe wenyewe ukifika kwenye uti.

Kesho muulize daktari zimebaki awamu ngapi, akuandikie tarehe zote kwenye kitabu cha mtoto. Pitia pia kwa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, umweleze habari ya nauli kabla haijakwisha. Mpunga mwachie shemeji yako avune.