Kabla hamjatoka barabarani, niambieni daftari anashika nani

Jamani vijana wa hapa Changamwe, Mombasa, wananiuliza kila siku, mama wewe ile 2019 uliandamana, na sisi tufanyeje yetu isizimwe? Wacha niandike mara moja.

Mimi nilikuwa na kibanda cha chai na mahamri njia ya malori, wateja wangu madereva na turnboi. Treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi, ilipoanza 2018 halafu likaja lile agizo la serikali kwamba kontena zipande treni, malori yakapungua, magereji yakafungwa, mimi kutoka kilo sita za unga kwa siku nikashuka mpaka moja. Siasa sikuwa naijua, unga ndo nilikuwa naujua. Kwa hivyo niliposikia kila Jumatatu watu wanatoka kuandamana nilifunga kibanda, nikajifunga leso nikaenda, na pale nikakuta fundi, klaki, mwenye lodging, wote tunaumwa na kitu kimoja. Hiyo ndo nguvu ya watu ilivyo, hakuna aliyetukokota.

Marehemu babu alikuwa kuli bandarini, alikuwa akitusimulia mgomo wa Januari 1947, watu kama 15,000 walilaza kazi, bandari, reli, mpaka maboi wa majumbani, kila siku wanakutana Kiwanja cha Maskini, makabila yote, dai ni mshahara. Na mshahara uliongezwa. Lakini Agosti mwaka huohuo msemaji wao Chege Kibachia akakamatwa akapelekwa kuzuiliwa Baringo huko mbali, na chama chao kikalegea manake kilikuwa kimemwegemea yeye sana.

Sasa vijana wa 2024 hilo walilikwepa, hawakuwa na kiongozi wa kukamatwa, wakatoka Nairobi mpaka Moi Avenue hapa kwetu, na mswada wa fedha, ule wa kuongeza kodi, rais akakataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni. Nililia siku ile wallahi. Lakini mnaona walivyojibiwa, vijana wakatekwa, wahuni, wengi wanasema wa kukodiwa, wakaingia kati ya waandamanaji wakaiba maduka na wote wakaitwa wezi, halafu Julai wakubwa wa upinzani wakateuliwa kuwa mawaziri.

Na kuna njia nyingine ya kuwazima, ya kuwaundia kundi la pili. 1992 serikali ilipokataa kuisajili IPK, chama cha Waislamu, na mji ukawaka moto, baadaye likatokea kundi la UMA, nyuma yake watu wa KANU, chama kilichokuwa kinatawala, likawaambia Waislamu wenye asili ya Kiafrika kwamba wale wenzenu ni Waarabu tu. Watu wa msikiti mmoja wakaanza kuangaliana vibaya. Mkisikia ghafla "nyinyi wa bara" "nyinyi wa pwani" katikati ya jambo la unga, mjue kuna mtu amelipwa kulisema.

Hayo ni ya wakubwa, sasa nawaambia yetu. Baada ya zile Jumatatu sisi wa vibanda tulifungua grupu letu la WhatsApp, tulikuwa zaidi ya mia mbili. Mheshimiwa fulani akamwita mwenyekiti wetu hotelini, peke yake. Akarudi na maneno mapya, tuwe na subira, tusiharibu jina la mtaa. Sijui alipewa nini na sitasema alipewa, ila tulikuwa tumechanga pesa na hakuna aliyeandika popote, basi uvumi ukaanza kwamba zimeliwa, admini akawa anatoa watu, wakafungua grupu lao, na wiki ya tatu tulitoka watu kumi na moja. Askari hawakuwa wametugusa hata kidogo!! Iliniuma kuliko kufunga kibanda.

Kwa hivyo mimi sai nasema hivi. Dai liandikwe mstari mmoja ambao hata mtoto anaweza kulirudia, msiliongeze kila wiki. Kwa mkubwa hamwendi mmoja, mwende watatu na jioni ileile mseme kwa kila mtu mliyoambiwa, hata chai mliyokunywa. Pesa iwe kwa daftari, ashike mtu mwenye duka lake lisilohama, na kila Ijumaa lisomwe kwa sauti.

Katiba kifungu cha 37 inawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, lakini pelekeni notisi kituo cha polisi siku tatu mpaka kumi na nne kabla, nakala yenu igongwe muhuri mbaki nayo. Wakili mjue namba yake kichwani, simu huchukuliwa. Anayekamatwa apelekwe kortini ndani ya saa 24, au zikiisha korti imefungwa, siku ya korti inayofuata, mkae nje mhesabu. Mkiona sura msizozijua zinaokota mawe, kaeni chini nyote, anayebaki amesimama ataonekana.

Na msichoke na korti. Lile agizo la kontena, Mahakama Kuu ililikataa Novemba 2020 manake wananchi hawakuulizwa, na Septemba 2022 rais mpya akasema kazi ya mizigo irudi Mombasa. Kelele za barabarani na karatasi za kortini zilikwenda pamoja, miaka.

Kibanda nimefungua tena, sai niko kilo nne. Sisi tuliobaki tulianza daftari, liko pale kabatini na majina na kila shilingi, anayetaka kuona lilivyopangwa aje kabla ya saa nne asubuhi, baadaye huwa nimeshaenda sokoni.