Mteja wa kudumu wa bustani ya burudani atuzwe, ila kwa kilichozidi

Dada mmoja anayeishi kusini mwa California ameniandikia wiki hii kwa uchungu. Huu ni mwaka wake wa nne mfululizo wa kulipia pasi ya mwaka ya bustani ya Disneyland, pesa zinakatwa kila mwezi, na wanawe wawili wanaijua njia ya kila bembea bila ramani. Anauliza kwa nini mgeni aliyeshuka ndege jana anahudumiwa sawa na yeye, na pengine vizuri zaidi. Anaona angestahili angalau kupita mbele ya foleni siku za Jumamosi.

Dada yangu, kutambuliwa unastahili kabisa. Kupita mbele ya foleni Jumamosi, hapana, na nitaeleza kwa hesabu.

Anza na muuza mchicha wa sokoni. Muuzaji huyo humwongezea mteja wake wa kila siku fungu dogo juu ya alilonunua. Hiyo ndiyo nyongeza, na kila aliyelelewa Uswahilini anaijua. Sasa tazama inatoka lini na inatoka kwenye nini. Asubuhi mchicha ukiwa haba na wanunuzi wamesongamana, nyongeza ni majani mawili matatu. Jioni mchicha unaponyauka, unabeba mkono mzima. Muuzaji hatoi kile ambacho mwenzako amekipangia foleni. Anatoa kilichozidi. Karibu kila mpango wa kutuza wateja ulioharibika kwenye bustani za burudani umeharibika kwa kuisahau kanuni hii.

Mfano hai ni wa hapo hapo Anaheim, mji ilipo Disneyland. Januari 2021, milango ikiwa bado imefungwa kwa sababu ya korona, Disneyland ilifuta mpango wake wa pasi za mwaka. Agosti mwaka huo ikaleta mpango mpya uitwao Magic Key, wenye madaraja manne kuanzia dola 399 hadi dola 1,399. Daraja la juu, Dream Key, lilitangazwa kuwa halina siku zilizofungwa, yaani siku ambazo pasi haitumiki. Lakini kila mwenye pasi alilazimika kuweka nafasi kwanza, na nafasi za wenye pasi zilikuwa na kikomo chake. Siku ikawa haijafungwa na huwezi kuingia, huku tiketi ya kawaida ya siku hiyo hiyo bado inauzwa. Kesi ikafunguliwa mwishoni mwa 2021. Mwaka 2023 kampuni, bila kukiri kosa, ikakubali kulipa dola milioni 9.5 kwa wateja zaidi ya 100,000.

Tatizo lilikuwa nini? Zawadi iliyoahidiwa ilikuwa kitu adimu: kuingia siku yoyote, zikiwemo zile ambazo kila mtu anazitaka. Ahadi ya namna hiyo haiwezekani kutimizwa kwa umati, hata mtoa ahadi awe na moyo mweupe kiasi gani.

Kuna upande wa pili ambao wenye pasi hawapendi kuusikia. Bustani hupata pesa kwa njia mbili, mlangoni na ndani. Familia iliyosafiri kutoka mbali huja mara moja, hununua fulana, masikio ya Mickey, chakula cha mchana na cha jioni. Mwenye pasi anayeishi dakika ishirini kutoka hapo hula kwake, huingia saa 11 jioni, hupanda bembea mbili, hutazama fataki na kurudi nyumbani. Ndiyo maana mwaka 2022 ripoti ya fedha ya Disney ilitaja mchanganyiko wa wageni usiofaa pale Disneyland, na wenye pasi wakajua wanaosemwa ni wao. Waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Mtu anayekulipa mapema, anayekuja hata siku ya mvua, anayemleta binamu yake kutoka Texas ambaye naye analipa tiketi kamili, haandikwi hivyo kwenye karatasi ya wanahisa.

Six Flags, kampuni nyingine ya Marekani yenye bustani za burudani, walifika mbali zaidi. Mwaka huo huo wa 2022 walipandisha bei na kukata mapunguzo, na mkurugenzi mkuu wao, Selim Bassoul, akasema bustani zilikuwa zimegeuka mahali pa bei rahisi pa kulelea vijana. Mahudhurio yakashuka kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5. Kila mgeni aliyebaki alitumia zaidi, ni kweli. Lakini wageni milioni saba waliopotea hawarudishwi kwa tangazo moja la televisheni. Mtoto wa miaka 14 uliyemwona usumbufu ndiye baba wa familia baada ya miaka kumi na tano.

Sasa turudi kwenye foleni, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Chukua rola kosta, ile bembea ya reli inayopanda na kushuka kwa kasi, yenye treni ya viti 24, na treni moja inaondoka kituoni kila sekunde 90. Hizo ni treni 40 kwa saa, watu 960. Wakisubiri watu 500, wa mwisho anapanda baada ya dakika 31 hivi. Wape wateja wa kudumu viti 200 vya saa hiyo kupitia mlango wa pembeni: foleni ya kawaida imebakiwa na viti 760, na yule wa mwisho sasa anasubiri karibu dakika 40. Wape nusu ya viti, yaani 480, na anasubiri zaidi ya saa nzima.

Hiyo ni siku nzuri. Kwenye siku mbaya, abiria mmoja ana mkoba ambao hataki kuuacha, mwingine mkanda wake haufungi mpaka mfanyakazi aukague mara mbili, na treni zinaanza kutoka kila sekunde 120. Uwezo umeshuka hadi watu 720 kwa saa. Viti 480 vya wateja wa kudumu viko pale pale kwa sababu vimeshaahidiwa, foleni ya kawaida imebakiwa na 240, na yule wa mwisho anasubiri saa mbili na dakika tano. Hujamtuza mtu hapo. Umemnyang'anya mmoja ukampa mwingine, na aliyenyang'anywa ana watoto wenye kiu.

Kwa hiyo kitu gani kimezidi? Viti vya Jumanne ya Februari. Nusu saa ya kwanza ya asubuhi kabla geti kuu halijafunguliwa, wakati mafundi wameshamaliza ukaguzi na treni zinazunguka tupu. Saa za jioni baada ya familia zenye watoto wadogo kuondoka. Universal Orlando, bustani za kule Florida, wamelielewa hili kwenye pasi yao ya Premier: njia ya haraka ni ya bure baada ya saa 10 jioni, mara moja tu kwa kila bembea. Hapo kuna vizuizi vitatu kwa pamoja: saa, idadi, na bei ya juu ya pasi inayopunguza walio nayo. Toa kimoja na foleni ya jioni itakuwa kama ya mchana.

Zawadi nyingine nzuri ni kuingia na rafiki bure siku ya katikati ya wiki. Kiti alichokalia kingekuwa kitupu, na atanunua soda na chipsi. Pia bei ya mwaka wa kwanza isiyopanda kwa anayehuisha pasi kabla haijaisha. Haimgusi mgeni mwingine hata chembe, na ingemtuliza dada yetu kuliko njia yoyote ya pembeni.

Zawadi mbaya ni vitu vya kukusanya. Ukisema sumaku, beji au ndoo ya bisi ni ya wachache tu, umewaita walanguzi. Januari 2022 pale EPCOT, bustani ya Disney kule Florida, watu walipanga foleni kwa saa nyingi kununua ndoo ya bisi yenye umbo la Figment, joka la katuni la bustani hiyo, na muda mfupi baadaye ndoo hizo zilikuwa zinauzwa mtandaoni kwa bei mara kadhaa. Kama ni lazima kitolewe kitu cha mkononi, kitolewe kwa wote wenye pasi, kwa wiki kadhaa, kwa kuskani pasi ya mwenyewe, kimoja kwa kila jina.

Pointi nazo zina ugonjwa wake. Ukitoa pointi kwa kila kuingia, watu watafika getini, wataskani, na watageuza gari. Umelipia maegesho na mfanyakazi wa geti kwa mgeni ambaye hakuwepo. Dawa yake ni kuhesabu ziara moja kwa wiki, au kuihesabu pale tu pasi inaposkaniwa tena ndani, kwenye bembea au mgahawani, saa mbili baada ya kuingia. Na usizifute pointi kwa ghafla. Mteja huzihesabu pointi zake kama akiba, na ukizifuta anaona umeingiza mkono mfukoni mwake.

Adhabu pia ni sehemu ya tuzo, ingawa haipendezi kusema. Magic Key ina kanuni kwamba ukiweka nafasi na usitokee mara tatu ndani ya siku 90, huruhusiwi kuweka nafasi mpya kwa siku 30. Watu wanailalamikia. Mimi naiunga mkono kabisa, kwa kuwa nafasi uliyoishikilia bure ilikuwa ya mwenye pasi mwenzako.

Na usidhani kila wema unahitaji kadi. Holiday World, kule mji wa Santa Claus, Indiana, imekuwa ikitoa soda bure kwa kila aliyeingia tangu mwaka 2000, na maegesho bure na mafuta ya kukinga jua bure. Hakuna daraja, hakuna pointi. Mtu anarudi kwa sababu mara ya kwanza hakuchunwa.

Neno kwa wenye mabwawa ya kuogelea na viwanja vya bembea Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, maana nao huniuliza. Msinakili mpango wa Florida. Sikukuu ya Idi, Krismasi na Pasaka mmejaa hadi getini, hamhitaji kumtuza mtu. Siku zenu za njaa ni Jumatatu hadi Alhamisi wakati shule zimefunguliwa. Pampu na vichujio vinazunguka, waokoaji wamelipwa, maji yametiwa dawa, na bwawa lina watoto kumi. Mpe mteja ziara ya sita bure baada ya tano ndani ya miezi sita, na ile ya bure iangukie siku hizo nne tu. Kwenye karatasi ni punguzo la karibu asilimia 17. Kwa kweli ni karibu sifuri, kwani kiti kilikuwa wazi.

Msitumie kadi ya kugongwa muhuri. Bwawani kadi huloa, na karani mwenye muhuri humgongea rafiki yake mihuri mitano kwa dakika moja. Tumieni namba ya simu: mteja anaitaja anapolipa, mfumo unahesabu, anapokea ujumbe mfupi wenye idadi ya ziara zake. Ziara moja kwa siku. Tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kila ujumbe. Na muda wa kutumia zawadi usipungue siku 60. Kuponi ya wiki mbili humkuta mzazi hajapata mshahara, naye hukumbuka tu kwamba mlimnyima.

Sasa dada yetu, na kila mwenye pasi anayekaribia kuhuisha. Kosa kubwa ni kugawanya bei ya pasi kwa tiketi iliyo ghali kuliko zote. Oktoba 2024 tiketi ya siku moja ya Disneyland ilianzia dola 104 kwa siku tulivu na kufika dola 206 kwa siku za kilele, na pasi ya chini kabisa, Imagine, inayouzwa kwa wakazi wa kusini mwa California tu, ilikuwa dola 599. Ukigawanya kwa 206 unaona ziara tatu zinatosha. Lakini pasi hiyo imefungwa siku za kilele. Huwezi kuitumia siku ya dola 206, kwa hiyo bei hiyo haikuhusu. Gawanya kwa 104 na unapata ziara sita. Ulikwenda mara sita mwaka jana, kwenye siku ambazo pasi inaruhusu, watoto wakiwa hawana shule?

Fungua kalenda ya siku zilizofungwa uiweke kando ya kalenda ya shule ya wanao. Hesabu siku zilizo wazi kwenye zote mbili, kisha toa zile ambazo uko kazini. Ongeza maegesho upande wa gharama kwa kila ziara kama pasi yako haiyapunguzi; mwaka 2024 yalikuwa dola 35 kwa gari. Punguzo la chakula usilihesabu ila kwa pesa uliyokwisha kutumia mwaka jana, kwa risiti, maana punguzo la asilimia 10 kwenye chakula ambacho usingekinunua ni hasara ya asilimia 90. Halafu angalia kama malipo ya mwezi yanajihuisha yenyewe, na uweke kengele kwenye simu siku 40 kabla ya pasi kuisha, ili uamuzi uwe wako na usiwe wa benki yako.